Mwenyezi Mungu au fundi wa kompyuta? Njia nne za kumwelewa aliyeiunda dunia

Usiku wa hitma ya dada yangu, wageni walipokwisha kutawanyika na mikeka kukunjwa, mwanawe alinifuata barazani. Ni kijana wa chuo, anasomea kompyuta. Alikaa kimya muda mrefu, kisha akaniuliza: "Mjomba, kama dunia hii ni programu tu, zile dua tulizosoma leo zimemfikia nani?"

Sikuwa na jibu. Nilimwambia akalale, tutazungumza. Nadharia yenyewe nilikuwa nimeisikia juu juu: kwamba huenda sisi, bahari, nyota na kumbukumbu zetu zote ni mwigo unaoendeshwa ndani ya kompyuta ya viumbe waliotupita mbali kwa elimu. Kompyuta tayari huiga mengi. Watabiri wa hali ya hewa huiga mawingu na pepo, na mwanafunzi wa urubani hurusha ndege ya kuigwa kabla hajakabidhiwa ya kweli. Linaloulizwa ni kama na huyo anayeiga naye ameigwa.

Tangu usiku ule nimesoma sana, na nimekutana na vijana wengine, Waislamu kwa Wakristo, waliokwama palepale. Hawataki kuiacha imani, na hoja hawawezi kuisahau. Kwa ajili yao nimeziweka njia nne kando kwa kando. Mbili zimetoka kwa wanazuoni wa dini zetu, ya tatu ni ya wanafalsafa wa karne hii, na ya nne ni ya kale sana ila siku hizi imerudi kwa mavazi mapya.

Kwanza niondoe kitu kimoja njiani. Wapo wanaosema kwamba Waswahili tulilijua hili zamani, kwa kuwa tunasema "dunia hadaa, ulimwengu shujaa". Sikubaliani nao. Aliyesema dunia ni hadaa hakusema haipo. Mtu laghai yupo, tena yupo sana. Ubaya wake ni kwamba haaminiki. Qur'ani nayo, katika Surat Al-Ankabut aya ya 64, inayaita maisha ya dunia pumbao na mchezo, na katika Al-Anbiya aya ya 16 inakanusha kwamba mbingu na ardhi ziliumbwa kwa mchezo. Aya ya kwanza inamsema anayeishi, jinsi anavyoweza kuyapoteza maisha yake. Ya pili inamsema aliyeumba. Ukizichanganya utadhani dini inasema dunia ni ndoto, na haisemi hivyo.

Vipimo

Kila njia nimeiuliza maswali yaleyale matano. Muundaji ni nani, na je, anastahili kusujudiwa? Dunia ni halisi kiasi gani? Maumivu yanatoka wapi na yana maana gani? Dua na wahyi, yaani ufunuo, vinakuwa nini? Na kifo je?

Swali la kwanza ndilo zito kuliko yote, na ndani yake kuna swali dogo ambalo nitalirudia: na huyo muundaji anategemea nini? Waliokaa chuo cha Qur'ani wakahifadhi sifa ishirini za Mwenyezi Mungu watakumbuka sifa ya tano, kiyamuhu binafsihi: kwamba anasimama kwa dhati yake, hahitaji mahali wala hahitaji wa kumfanya awepo. Niliihifadhi nikiwa na miaka minane bila kujua ni ya kazi gani. Nilikuja kuijua kazi yake uzeeni, baada ya swali la mpwa wangu.

Njia ya kwanza: Muumba asiyetegemea kitu

*Muundaji.* Hapa wamekutana watu wa dini mbili. Ibn Sina (980–1037), tabibu na mwanafalsafa, alisema hivi: kila kitu tunachokijua kingeweza kutokuwepo. Mimi ningeweza kutozaliwa. Mwembe ulioko uani ungeweza kutoota. Vitu vya namna hiyo, hata vikiwa msururu usio na mwisho, haviwezi kujieleza vyenyewe kwa nini vipo. Lazima awepo ambaye kuwepo kwake ni wajibu, hakupewa na yeyote. Karibu miaka mia mbili na hamsini baadaye Thomas Aquinas (1225–1274), mtawa wa Kidominiko aliyefundisha Paris, alimsoma Ibn Sina kwa Kilatini na akajenga hoja zilizo karibu na hizo.

Watu wengi hulipita jambo moja hapa bila kuliona. Hoja hii haisimami juu ya siku ya kwanza ya dunia. Ibn Sina aliona kwamba dunia haina mwanzo katika wakati. Aquinas aliona kwamba mwanzo wake tunaujua kwa imani, akili peke yake haiwezi kuuthibitisha. Walichokubaliana ni kwamba dunia inategemea sasa hivi. Seremala akimaliza meza huenda nyumbani, na meza hubaki. Aquinas alitoa mfano mwingine, wa hewa na mwanga wa jua: jua likiondoka, hewa haibaki na mwanga wa akiba.

Sasa tuseme ni kweli, tumo ndani ya kompyuta. Je, kompyuta hiyo ingeweza kutokuwepo? Bila shaka. Na umeme wake? Na waliouvuta? Wote wangeweza kutokuwepo, kwa hiyo wote wako upande wa viumbe pamoja nasi. Mwigo, hata ukiwa wa kweli, unaongeza ghorofa tu. Msingi haugusi.

*Dunia.* Ni halisi, ingawa haijisimamishi. Sura ya kwanza ya Mwanzo inarudia tena na tena kwamba Mungu aliona ni vyema. Hakuna anayekisifu hivyo kitu cha kubabaisha.

*Maumivu.* Hapa ndipo njia hii inapobanwa. Aliye mwema kabisa na muweza kabisa, kwa nini anaacha mtoto afe? Majibu yapo. Surat Al-Mulk inasema mauti na uhai viliumbwa ili tujaribiwe. Augustino, askofu wa Kikristo wa kale, na Aquinas baada yake, walisema ubaya ni upungufu wa wema, hauna dhati yake, kama giza lilivyo upungufu wa mwanga. Kitabu cha Ayubu kinamwacha mwenye kuumia bila maelezo, ila kinamkutanisha na Mungu. Nilipokuwa nimekaa kando ya kitanda cha dada yangu, hakuna hata jibu moja katika haya lililonitosha, na sitamwambia mtu kwamba litamtosha. Lakini njia hii ina kitu ambacho nyingine hazina kwa ukamilifu: yupo wa kulalamikiwa. Katika Surat Yusuf, Nabii Yaakub, macho yamekwisha kwa kulia, anasema sikitiko lake na huzuni yake anamshitakia Mwenyezi Mungu.

*Dua na wahyi.* Dua haimpi Mungu habari, maana hakuna asichokijua. Inamsogeza anayeomba. Kwa Wakristo hapa ndipo lilipo fumbo la Umwilisho, Neno kufanyika mwili, na mlinganisho wa mwigo unalikosa kabisa. Mchezaji wa michezo ya kompyuta huvaa umbo ndani ya mchezo. Umbo likiuawa, yeye huvua miwani akaenda kula chakula cha jioni. Wakristo wa mwanzo walikutana na wazo kama hilo, watu waliosema kwamba mwili wa Yesu ulikuwa wa kuonekana tu. Ignatius wa Antiokia, aliyekuwa akipelekwa Roma kuuawa mwanzoni mwa karne ya 2, aliwajibu kwa swali: kama aliteseka kwa kuonekana tu, mimi nimefungwa minyororo kwa ajili ya nini?

*Kifo.* Aliyekupa kuwepo bila kulazimika anaweza kukupa tena.

*Inamfaa nani.* Anayetaka kufikiri mpaka mwisho wa hoja na hatosheki na jibu linalosogeza swali juu kidogo tu. Haimfai sana anayetaka kuhisi Mungu yu karibu kabla hajaelewa. Huyo ahamie ya pili.

Njia ya pili: dunia inayoumbwa kila mara

*Muundaji.* Ni Mungu yuleyule wa njia ya kwanza, ila mkono wake uko karibu zaidi. Wafuasi wa Abu al-Hasan al-Ash'ari, aliyefariki Baghdad mwaka 936, walifundisha kwamba vitu vimeundwa kwa chembe zisizogawanyika, na sifa za chembe hizo, rangi, joto, mwendo, hazidumu nyakati mbili. Mwenyezi Mungu huziumba upya kila wakati. Wengi wetu pwani tumelelewa juu ya akida hii bila kulijua jina lake.

Aliyeieleza kwa namna isiyosahaulika ni Abu Hamid al-Ghazali (1058–1111). Weka pamba karibu na moto, itaungua. Umeona nini? Umeona moto, kisha umeona pamba imeungua. Hukuuona moto ukiiunguza. Anayeumba kuungua ni Mwenyezi Mungu, na kule kufuatana tunakokuita sheria ya maumbile ni ada yake, desturi anayoidumisha kwa rehema yake ili tuweze kupika na kulima.

Nilipomsimulia mpwa wangu haya, alinyanyua kichwa kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi. "Mjomba, hii ni skrini," akasema. Akanieleza kwamba picha kwenye skrini huchorwa upya mara nyingi kwa sekunde. Ukiona mpira unaugonga mpira mwingine, hakuna uliogongwa. Programu imechora wa kwanza hapa na wa pili pale. Mwanazuoni wa karne ya 11 angemwelewa mara moja. Tofauti yao ni kwamba Ghazali hakuhitaji mashine nyuma ya pazia.

*Dunia.* Ipo, lakini haina nguvu yake yenyewe. Mafundisho ya Ash'ari hayasemi moto ni njozi. Yanasema moto ni kiumbe, na kiumbe haumbi. George Berkeley, Muairishi aliyekuja kuwa askofu wa Cloyne mwaka 1734, alikwenda mbali zaidi. Katika maandishi yake ya 1710 alisema kwamba hakuna kitu kinachoitwa maada kabisa. Kuna akili na yanayotambuliwa na akili, na Mungu ndiye anayeyaleta mbele yetu kwa mpangilio. Anayetaka kwenda naye aende akijua kwamba ameshavuka mpaka ambao wanazuoni wetu hawakuuvuka.

Ghazali mwenyewe aliupitia msukosuko wa vijana wetu. Ameeleza jinsi alivyoanza kutoyaamini macho: nyota yaonekana ndogo kama dinari, na hesabu zinathibitisha kwamba ni kubwa kuliko dunia. Kama macho yamedanganya, akili nayo je? Akajiuliza kuhusu ndoto: usingizini unaamini kila unachokiona, mpaka uamke. Huenda kuna kuamka kwingine ambako kutaifanya akili yetu ya sasa ionekane kama ndoto. Alikaa katika shaka hiyo karibu miezi miwili, akiuita ugonjwa. Anasema hakuponywa kwa hoja, aliponywa kwa nuru ambayo Mwenyezi Mungu aliitia kifuani mwake. Kila kijana anayeniambia "nimeshindwa kujitoa kwa hoja" mimi humsimulia hili, ili ajue kwamba Ghazali, aliyeitwa Hoja ya Uislamu, naye hakujitoa kwa hoja.

*Maumivu.* Hapa swali linakuwa kali kuliko katika njia ya kwanza, kwa sababu hakuna wa kusingizia. Uvimbe haukujiotea. Wengine maneno haya huwaponya: hakuna kilichoteleza mkononi mwa Mungu, na dada yangu hakuuawa na bahati mbaya. Wengine huwajeruhi. Nimeona yote mawili katika nyumba moja, msiba mmoja.

*Dua na wahyi.* Muujiza hapa hauvunji kitu. Moto uliopoa Ibrahimu alipotupwa ndani yake ni moto ambao Mungu hakuumba kuungua ndani yake. Na anayeomba haombi kwa aliye mbali, anaomba kwa anayemuumba katika pumzi hiihii.

*Kifo.* Kama umeumbwa upya mara zisizohesabika tangu uanze kusoma sentensi hii, ufufuo ni mara moja zaidi. Surat Yasin inamjibu anayeuliza nani ataihuisha mifupa iliyooza: yule aliyeiumba mara ya kwanza.

*Inamfaa nani.* Mtu wa kompyuta, mtu wa dhikri, na aliyechoka kufikiri kwamba mambo yanatokea ovyo. Anayefanya kazi ya sayansi na kuhitaji sababu za kweli ndani ya vitu ataona vigumu kukaa hapa.

Njia ya tatu: mwigo wa viumbe walioendelea

*Muundaji.* Mwaka 2003 Nick Bostrom, mwanafalsafa Msweden aliyekuwa Oxford, alichapisha hoja ambayo wengi huinukuu vibaya. Hakusema tumo katika mwigo. Alisema kwamba moja kati ya mambo matatu lazima liwe karibu na kweli: ama karibu jamii zote za viumbe kama sisi huangamia kabla hazijaweza kuunda miigo ya namna hiyo, ama huweza na karibu zote hazitaki, ama sisi wenyewe, karibu kwa hakika, tumo ndani ya mmoja. Alipofika kwenye dini aliandika waziwazi kwamba waigaji wangefanana na miungu kwetu. Wameiunda dunia, wanaweza kuingilia kati, wanaweza kujua yote yanayotendeka. Lakini akaongeza kwamba nao huenda wameigwa na wengine, na hao na wengine, wala hakuna katika ngazi hizo anayeweza kuwa na hakika kwamba yeye ndiye wa mwisho.

Ipime kwa sifa ya tano. Mungu anayehitaji umeme hajatimiza sharti. David Chalmers, mwanafalsafa wa Australia aliyeandika sana juu ya jambo hili, hasa katika kitabu chake cha 2022, hana dini, naye amefika palepale: mtu kukuunda hakumpi haki ya kuabudiwa na wewe.

Kwetu hili lisiwe geni mno. Tumelelewa tukijua kwamba wapo wasioonekana wanaotuona: Al-A'raf aya ya 27 inasema hivyo kuhusu shetani na kabila lake. Wana nguvu tusizo nazo. Na hukumu yao tunaijua: ni viumbe, hawaabudiwi. Waigaji wakiwepo, wanaingia katika fungu hilo.

*Dunia.* Hapa njia hii inadhulumiwa na wapinzani wake. Chalmers anashikilia kwamba dunia ya mwigo si ya uongo. Jiwe ni jiwe. Tumejua tu kwamba kwa undani limeundwa kwa hesabu za kompyuta, kama babu zetu walivyokuja kujua kwamba limeundwa kwa atomu na likaendelea kuvunja kidole. Na kuna wanaodhani inaweza kupimwa. Mwaka 2012 wanafizikia watatu, Beane, Davoudi na Savage, walieleza kwamba kama dunia imechorwa juu ya gridi ya vipande, huenda miale ya angani yenye nishati kubwa kabisa ingeonyesha dalili za mistari ya gridi hiyo. Mungu wa njia mbili za mwanzo hatafutwi kwa mitambo. Muigaji anaweza kutafutwa, na hilo lenyewe linamwonyesha ni kitu cha namna gani.

*Maumivu.* Nitakaa hapa kidogo, kwa kuwa ndipo ninapoogopa.

Muigaji si lazima awe mwema. Huenda ni mtafiti, huenda anajiburudisha. Kwa hiyo swali la kwa nini tunaumia linakuwa jepesi kujibiwa na baya kuishi nalo: tunaumia kwa sababu haikuwa kazi yake kutuzuilia. Bostrom ametaja, kama uwezekano tu, kwamba labda maumivu hayapo kabisa na kumbukumbu zake zimepandikizwa, kisha akasema kwa uungwana kwamba wazo hilo linaweza kuchukuliwa kwa uzito na mtu ambaye wakati huo haumwi. Nimemheshimu kwa sentensi hiyo.

Lakini ametaja pia uwezekano wa miigo ya mtu mmoja au wachache, ambayo ndani yake wengine wote ni watu vivuli, miili inayosema na kulia bila kuwa na yeyote ndani yake. Yeye hakulipendekeza kama msingi wa maisha. Vijana huliokota hilo kabla ya mengine yote. Mpwa wangu aliniambia kwamba kwa wiki mbili baada ya mazishi aliwatazama watu daladalani akijiuliza ni nani kati yao yupo kweli. Ukifika hapo, acha hoja kwanza. Hakuna ushahidi wowote kwamba jirani yako ni kivuli, na ukikosea katika hilo umemdhulumu mtu kamili.

*Dua na wahyi.* Dua inaweza kumfikia mtu, na mtu huyo anaweza kuwa hayupo mezani. Robin Hanson, mchumi wa Marekani, aliandika mwaka 2001 kwamba anayeamini yumo katika mwigo afikirie kuishi zaidi kwa ajili ya leo na kuwa wa kuvutia, ili waigaji wasichoke naye. Preston Greene, mwanafalsafa, alionya mwaka 2019 kwamba hata kuchunguza kama tumo ndani ya mwigo kunaweza kuwa hatari, kwa kuwa waendeshaji wanaweza kuuzima. Yasome haya taratibu utaona umbo la dini ya zamani sana: miungu wenye hasira na kuchoka, wa kutulizwa na kutoulizwa. Na wahyi hapa hauna hakika, maana hata aya ya kweli inaweza kuwa maandishi ya fundi mmoja kati ya wengi.

*Kifo.* Unaweza kunakiliwa na kuendeshwa mahali pengine. Hakuna aliyeahidi. Tena haijulikani kama nakala hiyo ni wewe au ni mtu mwingine mwenye kumbukumbu zako.

*Inamfaa nani.* Nitaisema haki yake. Kwa mtu asiye na dini, njia hii imefungua mlango uliokuwa umefungwa kwa kufuli: inamfanya akubali kwamba dunia kuwa na muundaji, muujiza kuwezekana, na uhai baada ya kifo, si mambo ya kuchekwa. Inamfaa pia muumini anayetaka kuishikilia kama swali la sayansi, chini ya njia ya kwanza au ya pili, bila kuipa kiti cha juu.

Njia ya nne: muundaji mjinga

Desemba 1945, karibu na Nag Hammadi huko Misri, wakulima walichimbua mtungi wenye vitabu vya Kikopti, kodeksi 13. Ndani yake mna mafundisho ya Wagnostiki, kundi ambalo Irenaeus, askofu wa Lyon, aliliandikia majibu karibu mwaka 180.

*Muundaji* wa dunia hii, kwao, ni Yaldabaoth, mwenye uso wa simba na mwili wa nyoka, anayetangaza kwamba hakuna mungu ila yeye kwa sababu hajui kilicho juu yake. *Dunia* ni gereza. *Maumivu* yanaelezwa kwa urahisi kuliko katika njia zote: fundi alikuwa mbovu. *Dua* haipelekwi kwake, inampita kwenda kwa Mungu wa kweli aliye mbali, na kinachookoa ni maarifa ya siri kwamba ndani yako kuna cheche isiyo ya hapa. *Kifo* ni kutoroka.

Wengi wanaodhani wamekuwa wafuasi wa mwigo kwa hakika wamekuwa Wagnostiki. Wanazungumza juu ya "kuamka", juu ya waliolala na walioamka, juu ya kutoka. Bostrom hakuandika hayo. *Inamfaa nani?* Inampa lugha mtu aliyeumizwa na waliosema kwa jina la Mungu, na lugha hiyo inaweza kumvusha siku mbaya. Onyo langu ni kwamba inamfundisha kuudharau mwili, nao ndio unaohitaji chakula, dawa na kukumbatiwa.

Ukiwa katika hali gani, uanzie wapi

Ikiwa hoja ndiyo inayokuchoma na huna msiba, soma ya kwanza na ya tatu pamoja, huku umeshika swali la "na yeye anategemea nini?". Uliza hivyo kila ngazi, usisimame mpaka ufike kwa asiyetegemea au uamue kwamba hayupo.

Ikiwa wewe ni mtu wa kuandika programu na unapenda kumwita Mungu mwandishi wa programu, ya pili itakukaribisha. Kumbuka tu kwamba mwandishi wa programu hupata mashine imewashwa tayari, na Muumba hakukuta kitu.

Ikiwa wewe ni Mkristo, upime kila mlinganisho kwa msalaba. Ukiona ndani yake Yesu anaweza kuvua umbo lake kabla ya msumari, umeuchukua mlinganisho usiokufaa.

Ikiwa hukuwa na dini na mwigo ndio uliokuleta mlangoni, usikubali mtu akuonee haya kwa njia uliyopitia. Ila usijenge kizingitini.

Ikiwa unasikia watu wamekuwa vivuli, au dunia inaonekana ya bandia kila siku na huwezi kulala, hili limeshavuka mpaka wa falsafa. Mwambie mtu wa nyumbani leo, na mwone daktari. Ghazali aliiita shaka yake ugonjwa, naye alikuwa mwanazuoni.

Ikiwa umeumizwa na dini na ya nne inakuvuta, kaa nayo kama mgeni, na umtafute mtu mmoja wa dini yako mwenye huruma kabla hujahamia.

Na ikiwa unamwombea marehemu, endelea. Katika njia mbili za mwanzo dua yako ina anayeipokea, na ya tatu, hata ikithibitishwa kesho, haiwezi kumziba masikio aliye juu ya ngazi zote. Mpwa wangu mwishowe ameichagua ya kwanza, akaiachia ya tatu nafasi ndogo chini yake, na bado anaifanyia hesabu. Mimi nimebaki na ya pili, kwa kuwa ndiyo iliyoniwezesha kulala. Bado tunabishana. Ijumaa, baada ya sala, huwa tunakwenda kaburini pamoja, yeye anang'oa majani nami ninasoma Yasini, na tukifika kwenye aya ile ya mifupa huwa anaacha kung'oa akasikiliza.